Hiari ya Nani?

Katika OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa iliyo msingi wa KenyaEMR yetu, hakuna kinachofutwa kirahisi. Karani akiandika kilo 65 mahali pa 56, kisha akarekebisha, ile 65 haipotei. Inawekewa alama ya kubatilishwa, na hifadhidata inatunza nani kaibatilisha, lini, na kwa sababu gani. Maswali yenyewe nayo ni vivyo hivyo. Swali likishaingia katika kamusi ya mfumo na likaanza kujibiwa haling'oki tena. Linastaafishwa tu, na kulistaafisha kuna nafasi yake ya kuandika sababu. Sasa geukia upande wa kuongeza. Jedwali linajua nani aliongeza swali na siku aliyoliongeza. Safu ya sababu haipo.

Simlaumu aliyebuni hivyo. Rekodi ya mgonjwa ni ushahidi, na heri ushahidi ulindwe kuliko uchezewe. Lakini kila nikifikiria jinsi programu huria zinavyovimba mwaka hata mwaka, nakuta zile safu za jedwali zimeshaeleza nusu ya kisa.

Anayezijua kaunti za Migori na Homa Bay, huku Nyanza, hahitaji kuambiwa kwa nini rekodi huko ni jambo la kufa na kupona. Utafiti wa KENPHIA wa 2018 ulikuta kiwango cha VVU kwa watu wazima wa Homa Bay ni asilimia 19.6, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.9. Kabla ya kompyuta, kila mteja wa CCC, yaani kliniki ya huduma za VVU, alikuwa na kadi ya bluu, fomu MOH 257, ndani ya faili lake. Jina lake lilinakiliwa katika daftari nene la MOH 361. Mwisho wa mwezi mtu aliketi na kalamu na rula, akahesabu mstari kwa mstari mpaka ripoti ya MOH 731 ikajaa. Faili likizama chini ya rundo, mwenye faili naye amezama. Kwa hiyo anayedhani kwamba kompyuta ni mzigo waliotubwagia wataalamu wa mbali bila kuombwa, basi hajawahi kuingia chumba cha mafaili tarehe thelathini jioni.

Na huo umbali wenyewe si mkubwa hivyo. OpenMRS ilizaliwa Eldoret kama ilivyozaliwa Indiana. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief walifika kwenye AMPATH, mpango wa matibabu ya VVU wa Eldoret, wakakuta mfumo uliotokana na kituo cha afya cha Mosoriot, ulioanza 2001 juu ya Microsoft Access, umeshaanza kuhema kwa wingi wa wagonjwa. Wenzao wa shirika la Partners in Health walikuwa na shida ileile kwingineko. Februari 2006 OpenMRS ikaanza kazi Eldoret, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa Rwanda na Afrika Kusini pia. Nchi tatu, dawa tofauti, fomu tofauti, wizara tofauti. Walichoamua ndicho ambacho mtu yeyote mwenye akili angeamua: kiini kiwe kidogo, na mengine yote yawe moduli, kila mahali pachukue panachotaka. Moduli ya kujaza fomu, moduli ya ripoti, moduli ya kutoa namba za wagonjwa. Kila moja ina faili dogo la maelezo linalotaja moduli ambazo haiwezi kusimama bila hizo, na nyingine ambazo inazitambua tu zikiwapo. Mwaka 2012 Wizara ya Afya na kituo cha I-TECH cha Chuo Kikuu cha Washington wakachukua kiini hicho, wakakivika moduli za Kenya, na KenyaEMR ikaenea katika mamia ya vituo, vingi vikiwa vya Nyanza.

Hiari, basi, ndiyo iliyoiwezesha programu hii kufika Nyanza. Hilo nalikubali kabla ya kulalamika.

Lalamiko langu linaanzia kwenye matabaka ya msimbo yanayolundikana. Hadi 2016 mgonjwa alianzishiwa dawa kulingana na kiwango cha seli zake za kinga, CD4, na umri wake, na ndani ya KenyaEMR kulikuwa na hesabu maalumu ya kuamua nani anastahili. Julai mwaka huo mwongozo mpya ukasema kila aliyepatikana na VVU aanze dawa. Sentensi moja ya mwongozo ilistaafisha hesabu nzima, lakini msimbo wake hauwezi kutupwa hivihivi, kwa kuwa ripoti ya mwezi wa zamani haiwezi kusomwa kwa sheria za leo. Kadi ya bluu ikaipisha kadi ya kijani. Fomu za ile ya bluu zikabaki, ili ziara za miaka ile zisigeuke maandishi yasiyofunguka. Dawa mpya, dolutegravir, ikaingia na orodha za dawa zikarefuka. Wizara inataka MOH 731. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, inataka vielelezo vyake, vilivyokatwa kwa rika zake. Idadi ileile ya watu wanaotumia dawa inahesabiwa mara mbili kwa njia mbili, na kila njia ina msimbo wake. Kisha kuna miradi. FACES ya KEMRI na Chuo Kikuu cha California iliwahi kuhudumia Suba, Migori na Rongo. Baadaye Homa Bay ikawa na Timiza 90. Mradi huja na lengo lake, na lengo huja na maswali yake.

Ukilichukua swali mojamoja, huoni la kulaumu. La saratani ya mlango wa kizazi liko sahihi. La ukatili nyumbani liko sahihi. La kama mwenzi amepimwa, la njia ya uzazi wa mpango, la lishe, yote yaliletwa na mtu mwenye nia njema aliyewahi kumwona mgonjwa akifa kwa jambo ambalo halikuulizwa. Kwa sababu hiyo sipendi simulizi za wahandisi zinazoueleza uvimbe wa msimbo kama uroho au uzembe. Programu hii ilivimba kwa huruma, na huruma ni ngumu kuipunguza.

Chukua mama wa makamo aliyetoka Karungu alfajiri kwa bodaboda. Daktari, maana hata afisa wa kliniki huitwa daktari, anauliza kwa Dholuo na kuandika kwa Kiingereza, jicho moja kwa mgonjwa na jingine kwenye skrini.

“Mama, una kikohozi?”

“Hapana, daktari.”

“Homa? Jasho la usiku?”

“Hapana.”

“Umepungua uzito?”

“Si wewe umenipima sasa hivi?”

Naam, ndiye aliyempima. Uzito uko juu kidogo kwenye skrini hiyohiyo, na wa ziara iliyopita umo ndani ya hifadhidata. Lakini swali lina kisanduku chake, na kisanduku kinataka alama. Chini zaidi kuna mengine ambayo hayana ile nyota nyekundu ya lazima, yaani mtu anaweza kuyaruka na fomu ikahifadhiwa bila kelele. Mwandishi wa programu alilala usingizi mzuri siku alipoyaweka: ni ya hiari, atakaye ajaze.

Ndipo linapotokea jambo ambalo halimo kwenye msimbo hata kidogo. Robo mwaka inapita, wanakuja wasimamizi wa ubora wa takwimu na orodha yao, wanahesabu visanduku vilivyojazwa na vilivyo tupu, wanapata asilimia. Asilimia ikiwa ndogo, kituo kinatajwa mkutanoni. Ziara inayofuata visanduku vyote vimejaa. Hakuna aliyebadilisha mstari hata mmoja wa programu, lakini hiari imekwisha kuwa lazima. Na imejazwaje? Foleni ikiwa imefika mlangoni, kidole kinashuka “hapana”, “hapana”, “hapana”. Binafsi naiogopa “hapana” ya namna hiyo kuliko kisanduku kitupu. Utupu angalau unasema ukweli kwamba hakuna aliyeuliza.

Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeongeza kipengele haoni uzito wake kwa kuwa hatakibeba yeye. Kitabebwa na karani, na seva, na atakayeutunza msimbo baada yake. Hilo halina uhusiano wa pekee na kliniki. Limewahi kuipata dunia nzima kwa siku moja.

OpenSSL ni maktaba ya msimbo huria inayofunga mawasiliano ya mtandao yasisomwe njiani. Imo karibu kila seva ya Linux, na Linux ndiyo inayoendesha seva za KenyaEMR. Machi 2012 toleo lake la 1.0.1 liliingiza kipengele cha kuchunguza kama mwasiliani wa pili bado yuko. Upande mmoja unatuma neno na kutaja urefu wake, upande wa pili unarudisha neno hilohilo. Kina faida katika mawasiliano ya aina fulani. Kwa tovuti za kawaida hakikuwa na kazi ya maana. Hata hivyo kilikuja kimewashwa kwa kila mtu. Asiyekitaka angeweza kukiacha wakati wa kujenga programu, kwa chaguo moja tu la kuandika, lakini nani huzima kitu asichojua kwamba kipo? Msimbo wake haukuhakiki urefu uliotajwa. Mtu akituma herufi chache na kudai ni maelfu, seva ilijaza pengo kwa chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu yake, hadi kilobaiti 64 kwa kila ombi: nywila, funguo za siri, barua za watu. Aprili 2014 kosa hilo likatangazwa kwa jina la Heartbleed. Miaka miwili mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya huduma ambayo wengi wa waliodhurika hawakuwahi kuiomba.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Theo de Raadt na wenzake wa mfumo endeshi wa OpenBSD walichukua nakala ya OpenSSL, wakaiita LibreSSL, wakaanza kukata. Katika wiki ya kwanza waliondoa mistari ipatayo 90,000. Kulikuwa na msimbo wa kuhudumia mfumo wa kale wa VMS, na wa kompyuta za Macintosh za zama zilizopita, mashine ambazo usingezikuta ila kwa watu wachache mno. Kila kipande kilikuwa kimebaki kwa hoja ileile: huenda kuna mtu anakihitaji. Na pengine yupo. Ila katika miaka yote ile hakuna aliyemtafuta mtu huyo akamuuliza.

Niklaus Wirth, mwanzilishi wa lugha ya Pascal, alililia jambo hili mapema. Makala yake ya 1995 ya kutetea programu nyembamba ilidai kwamba watumiaji wameshindwa kutenganisha cha lazima na cha kupendeza tu, na watengenezaji wakaona faida kutowasaidia. Alikuwa na haki ya kusema. Mfumo wake wa Oberon, alioutengeneza pamoja na Jürg Gutknecht, ulikuwa na kikusanyaji cha msimbo (compiler), kihariri na madirisha, na haukufikia kilobaiti 200. Namheshimu sana Wirth. Lakini Wirth hakuwahi kuletewa MOH 731 yenye mafungu mapya ya umri katikati ya mwaka wa fedha. Wembamba ni rahisi kwa anayechagua mwenyewe kazi ya programu yake. KenyaEMR haichagui, inaamriwa na mwongozo, na mwongozo una haki ya kubadilika kwa sababu dawa zenyewe zinabadilika.

Kwa hiyo sitetei programu isiyo na hiari. Ninachouliza ni hiari ya aina gani. Kuna kipengele kilichofichwa na kuna kipengele kisichokuwapo, na tunazoea kuvichanganya. Cha kwanza kimezimwa kwa mpangilio fulani: kitufe hakionekani, lakini msimbo umepakiwa, unakula kumbukumbu, unapaswa kujaribiwa kila toleo jipya linapotoka, na kosa lake ni kosa lako. Cha pili hakimo kwenye mashine. Tofauti hiyo huonekana wazi stima ikipotea. Seva ya kituo inaporudi, OpenMRS huwasha moduli moja baada ya nyingine, zinazotumika na zisizotumika, na foleni ya asubuhi inasubiri zote zimalize kujitambulisha. Kule Nairobi kwenye kompyuta yenye nguvu za kutosha, kusubiri huko ni muda wa kumimina chai. Kwenye mashine ya zamani iliyoegeshwa pembeni mwa zahanati ya ufukweni, muuguzi anarudi kwenye karatasi, na ya karatasini yatakuja kuingizwa jioni na mtu aliyechoka.

OpenMRS yenyewe imewahi kujikata, na ilifanya vyema. Katika toleo la 2.0 la jukwaa lake, kurasa za zamani za mtumiaji, zilizokuwa sehemu ya kiini tangu mwanzo, zilitolewa zikawa moduli. Anayezitaka anaziweka, asiyezitaka hana deni nazo. Linux nayo, iliyoanza 1991 kwenye kichakataji cha 386, iliacha kukihudumia kichakataji hichohicho Desemba 2012, na Linus Torvalds, mwanzilishi wake, aliikubali mwenyewe kazi hiyo ya kukiondoa wala hakukilia machozi.

Mbona basi kujikata ni nadra? Jibu langu ni la kifedha kuliko la kiufundi. Kuongeza kuna bajeti. Mfadhili anaweza kuonyeshwa fomu mpya, skrini mpya, ripoti mpya, picha ya mafunzo hotelini. Sijasoma ripoti ya mwisho wa mradi iliyojivunia kuondoa mistari elfu kumi na maswali arubaini. OpenMRS imeshiriki mpango wa Google wa majira ya kiangazi wa kuandika msimbo huria tangu 2007, nao umelea vipaji vingi. Lakini umbo la mpango wenyewe ni kijana kupewa miezi kadhaa aandike kitu kipya, alipwe, aende zake. Baadhi ya walioingia hivyo walibaki na kuwa nguzo. Moduli nyingine zilibaki peke yao, bila mwenyewe.

Kinadharia msimbo ni huria, na mtu yeyote wa Rongo anaweza kupendekeza jambo litolewe. Kiutendaji, afisa wa takwimu wa Rongo anapokea toleo jipya likiwa limeshafungwa, na kazi yake ni kuliweka kabla ya Jumatatu. Uhuru wa msimbo ulimpa haki ya kuusoma na kuubadilisha. Haukumpa muda, wala kiti katika mkutano wa kupanga maswali. Waliokaa kwenye mkutano huo ni wenye fedha, na mwenye fedha akiondoka swali lake halifungi virago naye.

Na sasa wanaondoka. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na kliniki za VVU za Nyanza zikawa miongoni mwa za kwanza kuhisi. Miezi mitatu kabla yake, Oktoba 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilikuwa imechukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF, na mifumo ya hospitali ikalazimika kujifunza kudai malipo kwa njia mpya. Kaunti zinarithi programu iliyopanuliwa kwa fedha ambazo hazitarudi kwa kiwango kilekile, na wakati huohuo zinaombwa kuipanua tena. Nikisikia pendekezo la kuutupa mfumo wote na kuanza upya, moyo unashtuka. Atakayeandika upya ataanza na kiini kidogo kizuri, kisha mwongozo utabadilika, kisha atakuja mfadhili mwingine.

Afadhali tuanze na hesabu ambayo hifadhidata inaweza kuitoa yenyewe. OpenMRS huhifadhi kila jibu kama mstari wake peke yake, ukiwa umefungamanishwa na swali, mgonjwa na tarehe. Swali lisilojibiwa haliachi mstari. Maana yake ni kwamba ulizo moja fupi kwenye seva ya kituo linaweza kuonyesha kila swali limejibiwa mara ngapi kwa mwaka, na majibu mangapi kati ya hayo ni “hapana”. Swali ambalo limejibiwa “hapana” kwa watu wote, kituo kizima, mwaka mzima, lina kesi ya kujibu. Ambalo halihitajiwi na ripoti yoyote inayotumwa leo lina kesi kubwa zaidi.

Lakini hesabu hiyo haitoshi kukata, na hapa wahandisi ndipo huwa na pupa. Mzio wa dawa huandikwa kwa nadra, na siku ukihitajika hauna mbadala. Dalili za kifua kikuu zitakuwa “hapana” kwa wengi, na yule mmoja wa “ndiyo” ndiye sababu ya kuuliza wote. Kompyuta haiwezi kutofautisha swali lililolala na swali lililokufa. Muuguzi aliyekaa miaka kumi katika CCC ya Mbita anaweza, pengine kabla chai haijapoa, mradi aonyeshwe orodha na aambiwe kwamba kalamu yake ina nguvu ya kweli, na kwamba wasimamizi wa robo ijayo hawatamuuliza kwa nini kisanduku kimetoweka. Orodha ikishatolewa, ifike kwanza Mbita, Rongo na Karungu; Nairobi ipelekewe ikiwa na michoro ya kalamu tayari.